Hati Ina Jina Moja, Ardhi Ina Wenyewe Wengi: Jinsi Amana Inavyokoma na Mdhamini Anavyowajibika

ELIMU KWA MWANANCHI

Katika maeneo ya Riruta, Waithaka, Mutuini, Uthiru na Kangemi si jambo geni kukuta ploti ambayo hati yake ina jina la mtu mmoja, ilhali familia tatu au nne zinaishi juu yake na kila moja inaiita yake. Kwa miaka mingi mpangilio huo uliendelea bila kelele. Sasa bei ya ardhi imepanda, nyumba za mabati zinapisha majumba ya ghorofa, na swali lililokuwa likinong'onwa jikoni linaulizwa mbele ya hakimu: je, mwenye jina kwenye hati ndiye mwenye mali, au ni mtunzaji tu? Na kama ni mtunzaji, kazi yake inaisha lini, na akiharibu nani analipa?

Jibu la sheria ni wazi kuliko wengi wanavyodhani. Amana haikomi kwa sababu mdhamini amechoka, amefariki au amepata hati mpya. Hukoma kwa njia chache zinazojulikana. Mpaka siku hiyo ifike, hasara inayotokana na makosa ya mdhamini hulipwa kutoka mfukoni mwake, si kutoka kwa mali aliyokabidhiwa.

Amana ni nini?

Amana ni mali inayoshikwa na mtu mmoja kwa faida ya mwingine. Anayeishika huitwa mdhamini. Anayestahili kufaidika huitwa mnufaika. Mdhamini anaweza kutia sahihi, kukusanya kodi ya nyumba na kufungua akaunti ya benki, lakini hafanyi hayo kwa ajili ya tumbo lake.

Hapa Nairobi amana hupatikana kwa sura kadhaa. Ipo ile iliyoandikwa na wakili, yenye majina ya wadhamini na masharti yao, ambayo huongozwa na Sheria ya Wadhamini, Sura ya 167. Ipo amana ya watoto waliofiwa na wazazi, inayotokana na Sheria ya Urithi, Sura ya 160: sehemu ya mtoto hushikwa kwa niaba yake hadi atimize miaka 18. Kwa sababu hiyo, marehemu asipoacha wosia na amana ya watoto ikawepo, mahakama haimpi mtu binafsi mmoja peke yake usimamizi wa mali. Hutakiwa wawili au zaidi, wasiozidi wanne, ili mmoja amwangalie mwenzake. Kisha ipo amana ya kimila, ambayo haikuandikwa popote, na ndiyo inayozua kesi nyingi magharibi mwa jiji letu.

Jinsi amana ya kimila ilivyozaliwa Dagoretti

Kuanzia 1954, chini ya Mpango wa Swynnerton, serikali ya kikoloni iliunganisha vipande vya mashamba katika nchi ya Wakikuyu na kuvisajili. Dagoretti wakati huo ilikuwa sehemu ya Kiambu, na iliingizwa Nairobi mipaka ya jiji ilipopanuliwa 1963. Usajili ulidai jina la mmiliki, na familia nyingi zikatoa jina moja. Mara nyingi lilikuwa la kifungua mimba, la mjomba aliyejua kusoma, au la yule ambaye hakuwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Wote walielewa kwamba jina hilo ni la wote. Karatasi haikusema hivyo.

Wajukuu walipoanza kudai sehemu zao, mahakama hazikuwa na sauti moja. Kuna maamuzi ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyosema kwamba usajili ulifuta haki za kimila, na mwenye jina ndiye mwenye shamba. Majaji wengine walikataa, wakasema hati haiwezi kuwa upanga wa kuwakatia ndugu urithi wao.

Bunge liliweka jambo hili wazi katika Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Kifungu cha 25 kinasema usajili haumwondolei mmiliki wajibu alionao kama mdhamini. Kifungu cha 28 kinaitaja amana ya kimila miongoni mwa haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari la msajili. Mnamo 2018, katika Ombi Nambari 10 la 2015 lililotoka Meru, Mahakama ya Juu ilithibitisha msimamo huo. Ilieleza pia mambo ambayo mdai anapaswa kuyaonyesha:

1. Kabla ya kusajiliwa, ardhi ilikuwa ya familia, ukoo au kundi.
2. Mdai ni mmoja wa familia, ukoo au kundi hilo.
3. Uhusiano wake nalo si wa mbali mno kiasi cha kulifanya dai kuwa la kubahatisha.
4. Angestahili kusajiliwa kama mmiliki, isipokuwa kwamba jambo fulani liliingilia kati.
5. Anayeshtakiwa ni mwenye jina kwenye hati, naye ni wa familia, ukoo au kundi hilo hilo.

Soma tena nambari ya tano. Dai hili linaelekezwa kwa ndugu aliyesajiliwa. Ardhi ikishauzwa kwa mgeni, hasa mgeni asiyejua lolote, njia inakuwa nyembamba na ndefu zaidi. Anayengoja hadi tingatinga lifike ameifanya kesi yake kuwa ngumu kwa mikono yake mwenyewe.

Njia ambazo amana hukoma

Ya kwanza ni kutimia kwa muda au tukio lililowekwa. Mtoto akifikisha miaka 18, sehemu yake inakuwa yake. Ikiwa wosia ulisema nyumba ishikwe hadi kitinda mimba amalize chuo, siku anapomaliza ndiyo siku ya kugawa.

Ya pili ni mali kugawanywa yote au kutumika yote kwa lengo lililokusudiwa. Mfuko wa karo ukishalipa karo ya mwisho kihalali, hakuna tena cha kushika.

Ya tatu ni wanufaika wote kukubaliana. Wakiwa watu wazima, wenye akili timamu, na kwa pamoja wanamiliki faida yote ya amana, wanaweza kumwambia mdhamini: tupe kilicho chetu. Kanuni hii ilitokana na kesi ya Uingereza ya 1841, Saunders dhidi ya Vautier. Kijana aliachiwa hisa azipate akiwa na miaka 25, akazidai alipotimiza 21, na mahakama ikakubali kwa kuwa hakuna mwingine aliyekuwa na haki juu yake. Sheria zetu zinatambua kanuni za haki za Uingereza zilizokuwepo hadi tarehe 12 Agosti 1897, mradi zinafaa mazingira yetu, na ndiyo maana uamuzi huo wa zamani bado hutajwa Milimani. Lakini zingatia neno "wote". Ikiwa mmoja ni mtoto, wengine hawawezi kumwamulia.

Ya nne ni aliyeweka amana kuivunja mwenyewe, ikiwa alijiwekea uwezo huo katika maandishi. Kama hakujiwekea, hawezi kuamka siku moja na kudai mali irudi.

Ya tano ni amri ya mahakama. Kwa amana za kimila, hii ndiyo njia ya kawaida pale familia inaposhindwa kuelewana. Mahakama ya Mazingira na Ardhi hutangaza kwamba mwenye jina alikuwa mdhamini, husema amana imefikia kikomo, kisha huamuru ardhi ipimwe na kila mmoja apate hati yake.

Mambo yasiyokomesha amana

Kifo cha mdhamini hakikomeshi amana. Wadhamini waliobaki huendelea, na kama hakuna, mahakama huteua wengine. Watoto wa mdhamini hawarithi mali hiyo kama yao, kwa sababu baba hawezi kuwaachia kitu ambacho hakikuwa chake.

Hati mpya haikomeshi amana. Kuhamisha kumbukumbu kutoka daftari la zamani hadi mfumo wa kidijitali wa Ardhisasa, uliozinduliwa 2021, hakumpi mdhamini haki ambayo hakuwa nayo.

Ugomvi, kuhama na ukimya pia haviikomeshi. Dada aliyeolewa Nakuru au kaka aliyeishi Mombasa miaka 20 hajapoteza nafasi yake kwa kutoonekana tu.

Mdhamini akikosea: mfano wa kujifunzia

Tuchukue mfano wa kubuni. Mzazi amefariki na kuacha nyumba za kupangisha huko Kawangware zinazoingiza shilingi 60,000 kwa mwezi. Ameacha watoto watatu wenye umri wa miaka 22, 15 na 11. Mahakama imewateua amu yao na shangazi yao kuwa wasimamizi. Kwa miezi 24 amu anakusanya kodi, jumla shilingi 1,440,000, na kwa fedha hizo ananunua matatu kwa jina lake. Shangazi hajagusa hata shilingi. Yeye hutia sahihi anapoletewa karatasi, kwa kuwa "kaka ndiye anayejua mambo ya pesa."

Tuanze na amu. Matatu ikigongwa na kuwa vyuma, analazimika kurudisha shilingi 1,440,000, na mahakama inaweza kuongeza riba. Hawezi kusema biashara ilikuwa mbaya, kwa sababu hakupewa ruhusa ya kufanya biashara hiyo. Matatu ikifanya vizuri, wanufaika wana haki ya kuidai yenyewe pamoja na faida yake, kwa vile ilinunuliwa kwa fedha zao. Kwa maneno mengine, hasara ni ya mdhamini na faida ni ya mnufaika.

Tuje kwa shangazi. Wengi hushangaa hapa. Naye anawajibika, na kwa deni lote. Wadhamini wawili wanapovunja amana, mnufaika anaweza kumdai yeyote kati yao kiasi chote. Hao wawili watajuana wenyewe kuhusu nani amrudishie nani. Kufumba macho ni kosa la mdhamini kama lilivyo kosa la kuiba. Sahihi yake iliwekwa pale ili iwe kufuli.

Sasa ongeza jambo moja. Tuseme marehemu alikuwa pia na kibanda cha kukodi sokoni, mkataba ukaisha, na mwenye kibanda akakataa kuwakodisha watoto. Amu akajiandikisha mwenyewe. Je, kibanda ni chake? Mwaka 1726, huko London, kesi kama hiyo iliamuliwa katika shauri la Keech dhidi ya Sandford, kuhusu mkataba wa soko la Romford. Mdhamini alijichukulia mkataba baada ya mtoto kunyimwa, na jaji akaamua kwamba anaushika kwa niaba ya mtoto, faida yote ikiwemo. Sababu yake ni nyepesi kuelewa: mdhamini akiruhusiwa kufaidika pale mnufaika anaponyimwa, hatajitahidi kumtetea asinyimwe.

Mbali na kulipa, mdhamini anaweza kuondolewa na mahakama. Kwa msimamizi wa mali ya marehemu, kifungu cha 94 cha Sheria ya Urithi kinamtaka afidie hasara aliyoisababisha kwa uzembe au matumizi mabaya. Kifungu cha 95 kinaufanya uzembe wa makusudi kuwa kosa la jinai, lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Pia haruhusiwi kuuza ardhi ya marehemu kabla hati ya usimamizi haijathibitishwa na mahakama. Mnunuzi anayeharakishwa kulipa kabla ya hapo ajue anaingia kwenye moto.

Utetezi alionao mdhamini

Sheria haimtendei mdhamini kana kwamba kila hasara ni wizi. Aliyetenda kwa uaminifu na busara, na ambaye ni haki asamehewe, anaweza kuondolewa deni na mahakama, lote au sehemu. Mpangaji akihama bila kulipa licha ya juhudi zote, mdhamini halipi kutoka mfukoni mwake. Tena ana haki ya kurudishiwa gharama halali, kama vile ada za kaunti au ukarabati wa paa, mradi ana risiti.

Vilevile, mnufaika mtu mzima aliyekubali jambo akijua ukweli wote hawezi kugeuka baadaye na kulishtakia. Lakini idhini ya mtoto si idhini, na idhini iliyopatikana kwa kuficha mambo haina uzito.

Kuhusu muda, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inaweka miaka 6 kwa dai la kawaida la kuvunja amana. Kwa mnufaika ambaye bado ni mtoto, miaka hiyo huhesabiwa tangu afikishe utu uzima. Hata hivyo, ukomo huo haumkingi mdhamini aliyefanya ulaghai, wala yule ambaye mali ya amana bado iko mikononi mwake au aliigeuza kuwa yake.

Hatua za kuchukua

Ikiwa wewe ni mnufaika, fanya upekuzi wa ardhi, au sachi kama wengi tunavyouita, kupitia Ardhisasa au Ardhi House karibu na barabara ya Ngong, ujue hati ina jina la nani leo. Ukiona dalili za kuuzwa, omba msajili aweke zuio kwenye daftari ili uhamisho usifanyike bila wewe kujulishwa. Omba hesabu kwa maandishi na uweke nakala. Kusanya ushahidi wa jinsi ardhi ilivyokuwa ya familia: majina ya wazee waliokuwepo wakati wa usajili, makaburi, mipaka ya michongoma, barua za chifu.

Kabla ya kesi, jaribuni usuluhishi. Mpango wa usuluhishi chini ya mahakama ulianza Milimani 2016, ukiwemo katika Kitengo cha Familia. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria au FIDA Kenya. Kwa familia za Kiislamu, masuala ya urithi yanaweza kupelekwa kwa Kadhi.

Ikiwa wewe ni mdhamini, fungua akaunti tofauti na usichanganye fedha za amana na zako hata kwa siku moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mbele ya hakimu anayeulizwa habari hizo ni wewe. Amana inapofikia mwisho, usikabidhi funguo tu na kuondoka. Andika hesabu ya mwisho, igawe kwa wanufaika wote, hamisha hati kwa majina yao, na kila mmoja atie sahihi kwamba amepokea sehemu yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuwezesha kulala usingizi miaka kumi baadaye. Msimamizi wa mirathi akumbuke pia kwamba anapaswa kumaliza kazi ndani ya miezi 6 tangu hati kuthibitishwa, isipokuwa kwa sehemu inayobaki katika amana au mahakama ikimwongezea muda.

Kaunti pia ni mdhamini

Somo hili linatuhusu sisi pia. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema kwamba aina kadhaa za ardhi ya umma zinashikwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wakaazi, chini ya usimamizi wa Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na haziwezi kutolewa ila kwa kufuata sheria. Kwa ardhi hiyo, wewe mkaazi ndiye mnufaika.

Nairobi inakumbuka maana yake. Mwaka 1989 palikuwa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu, na kesi ikatupwa kwa maelezo kwamba yeye hakuwa na haki ya kisheria ya kushtaki. Baadaye mradi uliachwa kwa sababu ya shinikizo la umma, na bustani ikabaki. Katiba ya sasa imefunga pengo hilo: chini ya vifungu vya 22 na 70, mtu anaweza kwenda mahakamani kwa masilahi ya umma, na anapotetea haki ya mazingira si lazima aonyeshe kwamba yeye binafsi ameumia.

Iwe ni bustani ya umma katikati ya jiji au robo ekari huko Mutuini, mwenye kushika mali ya wengine hudaiwa hesabu, na mwenye mali ana haki ya kuidai. Ikiwa katika familia yenu kuna hati yenye jina moja na wenyewe wengi, iitisheni mezani mwaka huu, wakati aliyesajiliwa yungali hai na wazee wanaojua mipaka wangali wanaweza kuionyesha.

Makala haya ni ya elimu kwa umma na hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili kuhusu jambo lako mahususi.